Namna ya kumwona mhadhiri na kupata msaada wa kozi: mwongozo kwa mwanafunzi mgeni wa chuo kikuu jijini Mwanza

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, maswali ya wanafunzi wageni kwenye mabweni ya Malimbe, kwenye vibanda vya chakula vya Bugando na ndani ya daladala za Nyegezi huwa ni yale yale. Mhadhiri anapatikana lini? Nikifika ofisini kwake nianze na neno gani? Ni lazima nizungumze Kiingereza? Nimpigie simu, nimwandikie ujumbe, au nimsubiri mlangoni? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa hatua, na unamlenga mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyetoka shule ya sekondari ambako mwalimu alimfuata hadi bwenini, na sasa amejikuta katika ukumbi uliofurika watu ambamo hakuna anayejua jina lake.

Jambo moja litangulie, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Msaada utakaoupata unategemea wiki uliyokwenda na karatasi uliyoingia nayo. Aliyekwenda wiki ya tatu akiwa na swali moja, pamoja na jaribio lake la kulijibu, huhudumiwa kwa dakika kumi akatoka ameridhika. Aliyekwenda wiki ya mwisho akisema "sielewi kozi nzima" hawezi kusaidiwa na profesa yeyote, hata awe mpole kiasi gani.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Muhtasari wa kozi. Hii ni ile karatasi, au faili, inayotolewa wiki ya kwanza na ambayo wengi huikunja bila kuisoma. Ndani yake mna jina la mwenye kozi, yaani mwalimu anayeisimamia, namba ya ofisi, saa za kuonana na wanafunzi, orodha ya mada kwa wiki, tarehe za majaribio na uzito wa kila kazi. Maswali mengi yanayopelekwa ofisini yamekwisha kujibiwa humo.
- Kitambulisho cha chuo na namba yako ya usajili, ambayo unapaswa kuijua kwa kichwa.
- Anwani ya barua pepe inayobeba jina lako halisi. Anwani uliyoifungua kidato cha pili kwa jina la mchezaji wa mpira iache ipumzike.
- Kaunta buku moja nyembamba kwa ajili ya maswali tu, tofauti na madaftari ya mihadhara.
- Nakala ya kanuni za mitihani za chuo chako. Usizisome zote, soma sehemu za mahudhurio, ugonjwa, rufaa na mitihani ya marudio.

Elewa pia hesabu ndogo ya krediti, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mhadhiri huuliza "umesoma nini?" kabla ya kukujibu. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukihudhuria mihadhara ya saa 3 kwa wiki katika muhula wa wiki 15, utakuwa umetumia saa 45. Saa 75 zilizobaki ni za semina, mazoezi, maktaba na majaribio, na nyingi kati yake hakuna atakayekusimamia. Mhadhiri anapouliza umesoma nini, anaulizia hizo saa 75.

Hatua ya 1: Jua nani anahusika na nini

Wageni wengi hudhani kila shida ya kozi hupelekwa kwa yule anayesimama mbele ya ukumbi. Matokeo yake ni foleni ndefu kwenye mlango mmoja, huku milango mingine mitatu ikiwa haina mtu.

Mkufunzi msaidizi kwa kawaida ana shahada ya kwanza na amebakizwa chuoni kwa sababu alifaulu vizuri. Mhadhiri msaidizi ana shahada ya uzamili. Hawa wawili mara nyingi ndio wanaoendesha semina na kusahihisha majaribio, kwa hiyo swali la mazoezi au la alama ya jaribio lianzie kwao. Wana nafasi zaidi, na bado wanakumbuka mahali wao wenyewe walipokwama katika kozi hiyo hiyo. Mhadhiri ana shahada ya uzamivu, na juu yake wako mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Mwenye kozi, awe wa ngazi yoyote kati ya hizi, ndiye wa kuulizwa kuhusu maana ya mada, mpangilio wa kozi na jambo ambalo semina imeshindwa kulitatua.

Ratiba zikigongana, kozi isipoonekana kwenye usajili wako, au mwenye kozi asipopatikana kabisa, unakwenda idarani. Anza kwa katibu muhtasi, kisha mkuu wa idara. Alama zisipoonekana, nenda kwa mratibu wa mitihani wa idara au wa kitivo. Msiba, ugonjwa wa muda mrefu, malazi na msongo wa mawazo ni kazi ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, mwenye kozi hana la kukusaidia hata kidogo. Mtafute afisa mikopo wa chuo anayewasiliana na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Kuhusu namna ya kuwaita: mwenye uzamivu ni Dokta, profesa ni Profesa, na usimpe mtu cheo ambacho hajakifikia kwa kutaka kumfurahisha, kwa kuwa wengine huona aibu na wengine huona unawadhihaki. Ukiwa huna hakika, sema "Mwalimu". Katika nchi ambayo Rais wake wa kwanza aliitwa hivyo hadi mwisho wa maisha yake, hakuna atakayeona umemshusha.

Hatua ya 2: Tafuta saa zake halisi

Soma muhtasari wa kozi, kisha nenda ukaangalie karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa sababu vitu hivi viwili havilingani kila mara, na cha mlangoni ndicho kipya zaidi. Kipige picha kwa simu.

Zipo tofauti kati ya vyuo. Anayesoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS), Bugando, atagundua kwamba baadhi ya walimu wake ni madaktari wenye wagonjwa, na kwamba kuwatafuta ofisini asubuhi ni kupoteza muda. Waandame baada ya raundi ya wodini, nje ya wodi. Swali la kozi lisiulizwe kamwe mbele ya kitanda cha mgonjwa, isipokuwa mwalimu mwenyewe amelifungua. Katika vyuo na matawi yanayotumia walimu wa muda, mhadhiri anaweza kuwa na kipindi kingine upande wa pili wa jiji saa moja baadaye. Huyo hana ofisi ya kukaa, basi mkamate mwisho wa kipindi, umwombe dakika tano au miadi, na umwachie njia ya kuondoka. Kumzingira akiwa na mkoba mkononi na jicho kwenye saa hakumfaidishi mtu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, ambacho kimefundisha kwa masafa tangu mwaka 1994, wao huanzia kwenye kituo cha mkoa hapa Mwanza. Kituo ndicho kinachojua lini kuna vipindi vya ana kwa ana na mwalimu gani wa kozi anafikika kwa njia gani. Fika kituoni mapema mwanzoni mwa mwaka wa masomo, hata kama unaishi Misungwi na kazi imekubana.

Hatua ya 3: Jaribu mwenyewe, kwa maandishi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama safari yako ya ofisini itazaa kitu. Chukua swali linalokusumbua, ukae nalo kwa saa moja hivi, uandike kila ulichofanya hadi pale ulipokwama. Usifute makosa. Mhadhiri anayeona mstari uliokosewa hujua ugonjwa uko wapi; akiona karatasi tupu, inambidi aanze kukuhoji.

Tuchukue mfano mmoja kamili. Mwanafunzi wa takwimu amepewa uzito wa sangara watano waliochaguliwa kama sampuli kutoka mwaloni: kilo 2, 3, 4, 5 na 6. Ametakiwa kutafuta mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namna uzito huo ulivyotawanyika kuzunguka wastani. Anapata wastani wa kilo 4. Anatoa wastani kutoka kila uzito, anapandisha kwa kipeo cha pili, anapata 4, 1, 0, 1 na 4, jumla yake 10. Anagawanya kwa 5 anapata 2, anatafuta kipeuo cha pili anapata 1.41. Kitini kinasema 1.58.

Sasa anaweza kwenda ofisini kwa njia mbili. Anaweza kusema, "Mwalimu, mkengeuko sanifu sijauelewa." Mwalimu atarudia mhadhara mzima kwa ufupi, mwanafunzi ataitikia kwa kichwa, na atatoka na 1.41 yake ile ile. Au anaweza kukaa na kitini dakika ishirini zaidi, akajaribu kugawanya 10 kwa 4 badala ya 5, akapata 2.5, na kipeuo chake kikawa 1.58. Hapo swali limezaliwa upya: "Nimeona kwamba jibu hupatikana nikigawanya kwa 4. Kwa nini tunapunguza moja, na ni lini hatupunguzi?" Swali hilo linajibika kwa dakika tano: sangara watano ni sampuli tu, na wastani uliotumika umetokana na hao hao watano, kwa hiyo kugawanya kwa 5 kungefanya mtawanyiko wa samaki wote uonekane mdogo kuliko ulivyo. Kama watano hao ndio samaki wote tunaowazungumzia, tunagawanya kwa 5. Mwanafunzi huyu amepata kitu ambacho kitamsaidia katika kila kozi ya takwimu atakayokutana nayo, na mwalimu ameanza kumjua.

Kwa kozi zisizo na hesabu kanuni ni hiyo hiyo. Badala ya kusema insha inakushinda, peleka aya ya kwanza uliyoiandika na useme ni wapi hoja inakukatikia. Kwa sheria, peleka kifungu na tafsiri zako mbili zinazogombana.

Hatua ya 4: Andika ujumbe wa miadi

Kama saa za kuonana zimebandikwa na ni za wazi, unaweza kwenda bila miadi. Hata hivyo ujumbe mfupi wa siku moja au mbili kabla husaidia, hasa ukiwa na swali ndani yake, kwa kuwa baadhi ya walimu watakujibu hapo hapo na kukuokolea nauli. Tumia barua pepe isipokuwa mwalimu ametangaza mwenyewe kwamba anapokea WhatsApp. Namba yake aliyopewa kiongozi wa darasa kwa ajili ya ratiba haikuwa ruhusa kwa darasa zima.

Ujumbe unaofaa unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni … (majina kamili), mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Shahada ya Uhasibu, namba ya usajili … , kundi la tatu la semina katika kozi yako ya Takwimu za Biashara. Katika swali la 4 la zoezi la pili nimegawanya kwa 5 nikapata 1.41, ilhali jibu la kitini, 1.58, hupatikana kwa kugawanya kwa 4. Sijaelewa sababu ya kupunguza moja. Naomba kuja ofisini Jumatano saa nane mchana, katika muda uliotangazwa mlangoni. Nimeambatisha picha ya kazi yangu. Natanguliza shukrani."

Tazama kilichomo: jina, kozi, kundi, swali, jaribio, muda. Hakuna historia ya maisha na hakuna kubembeleza. Kwa mkufunzi msaidizi ambaye pengine amekuzidi miaka mitatu tu, "Habari za kazi, Mwalimu" inatosha. Shikamoo kwa kijana mwenzako humfanya atazame pembeni, ingawa kuitoa hakujawahi kumharibia mtu jambo. Usitume ujumbe wa sauti. Usiandike kwa vifupisho vya mtaani. Usitume saa sita usiku kisha ukatuma alama ya kuuliza saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fika dakika kumi kabla. Anayetoka Buhongwa au Igoma aongeze muda wa foleni ya asubuhi, na anayekwenda Malimbe akumbuke kwamba siku ya mvua bodaboda huwa chache kuanzia Nyegezi. Zima sauti ya simu, gonga, subiri kuitikiwa, salimia, na utaje jina na kozi yako hata kama mlionana juzi, kwa sababu mtu anayefundisha mamia ya wanafunzi hawezi kukumbuka sura zote.

Kuhusu lugha, hili ndilo linalowafanya wengi wageuzie njiani. Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia na ya mitihani katika vyuo vikuu vyetu, ukiacha kozi za Kiswahili chenyewe, lakini mazungumzo ya ofisini kwa sehemu kubwa hufanyika kwa Kiswahili, au kwa kuchanganya. Anza kwa lugha utakayoweza kuulizia swali la pili. Kiingereza kilichokaririwa mlangoni huisha kwenye sentensi ya tatu, na mhadhiri akikuuliza jambo ambalo hukulitarajia unabaki unatabasamu. Pamoja na hayo, istilahi za kozi zitaje kama zilivyo kwenye kitini, kwa kuwa mtihani utakujia kwa istilahi hizo, na ukishaelezwa, jaribu kuandika maelezo hayo kwa lugha ya mtihani kabla ya kulala.

Weka karatasi yako mezani, ielekeze upande wake, uonyeshe mstari uliokwama. Kisha nyamaza. Akimaliza kueleza, usiseme "nimeelewa" kwa heshima tu, mrudishie maelezo kwa maneno yako: "Kwa hiyo nikiwa na samaki wote wa bwawa moja nagawanya kwa idadi yao, lakini nikiwa na sampuli napunguza moja?" Kama umekosea atakurekebisha pale pale. Omba swali moja linalofanana na hilo ukalifanye mwenyewe, shukuru, toka. Kabla hujafika ngazini, simama uandike ulichoambiwa, maana ukichelewa hadi jioni kitakuwa kimekwisha kuchanganyika na habari za chakula.

Hatua ya 6: Rudi na matokeo

Fanya lile swali ulilopewa. Likitoka sawa, ujumbe wa mistari miwili unatosha. Likigoma, rudi nalo saa za kuonana zinazofuata. Watu wachache hufanya hivi, na ndiyo maana anayefanya hukumbukwa anapohitaji msimamizi wa utafiti wa mwaka wa mwisho au barua ya kumdhamini kwenye maombi ya uzamili. Barua hiyo haiandikiki kwa mtu ambaye mwalimu anamfahamu kwa namba ya usajili peke yake.

Hatua ya 7: Tumia semina na wenzako, lakini kwa kazi zao

Semina ndiyo saa ya ofisini iliyo bure. Njoo na kaunta buku yako na uulize la kwanza. Kikundi cha kusoma cha watu wanne au watano kinafaa kuchuja maswali, ili ofisini yafike yale tu yaliyowashinda wote. Tumeni mwakilishi mmoja au wawili, msiende wote kama ujumbe wa harusi. Kiongozi wa darasa ni wa ratiba, matangazo na malalamiko ya pamoja, na hawezi kukuulizia swali ambalo yeye halimsumbui.

Madesa, yaani nakala za vitini na maelezo ya kozi, yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi karibu na mageti ya vyuo yatumie kwa tahadhari. Mengi ni ya miaka ya nyuma, ya mwalimu mwingine, na yamenakiliwa pamoja na makosa yake. Ukienda kumuuliza mhadhiri swali kutoka desa, mwambie limetoka kwenye desa.

Makosa ya kuepuka

Usimwulize mhadhiri nini kitatoka kwenye mtihani. Mwulize mada zipi zina uzito mkubwa na swali la aina gani hupima uelewa wa mada hizo. Hilo ni halali na walimu hulijibu.

Usiende kudai alama. Kama unaamini jaribio limesahihishwa vibaya, nenda na karatasi, onyesha swali husika, soma jibu lako na uulize lilipungukiwa nini. Kauli ya "nilitegemea alama kubwa zaidi" haina kinachoweza kuchunguzwa ndani yake.

Usipeleke zawadi. Tunajua kwetu kanda ya Ziwa mtu hatembelei nyumba mikono mitupu, na mzazi aliyetoka Ukerewe anaweza kukupa mfuko wa sato umpelekee mwalimu wako kwa nia njema kabisa. Usiupeleke. Kabla ya matokeo kutangazwa, samaki huyo anamweka mwalimu mahali pabaya, na mwalimu makini atakurudisha naye mbele ya watu.

Jambo la mwisho katika orodha hii ni zito, nalo linawahusu wanafunzi wa jinsia zote, ingawa wasichana ndio wanaolipata zaidi. Shughuli za kozi hufanyika ofisini, darasani, maktaba au maabara, katika saa za kazi. Mwaliko wa kwenda kuonyeshwa alama nyumbani, hotelini au kwenye baa usiku si miadi ya kitaaluma, na huna deni la kueleza kwa nini umekataa. Kuomba ngono kwa kutumia mamlaka ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wote, usifute chochote, mweleze mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha nenda kwenye dawati la jinsia la chuo au ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Ukiona ndani ya chuo hapaegemeki, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa bure kwa namba 113.

Mambo yakikwama

*Nimeandika, hajajibu.* Subiri siku tatu za kazi, kisha tuma ukumbusho mmoja ukiwa umeambatisha ujumbe wa kwanza. Usipojibiwa tena, nenda mlangoni saa zilizotangazwa. Ukikosa hata hapo, mwone katibu muhtasi wa idara na uulize, bila kulalamika, kama mwalimu yuko safarini. Mara nyingi yuko kwenye utafiti au anakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo.

*Amenifokea.* Hutokea. Omba radhi kwa usumbufu, toka, na urudi siku nyingine na swali lililoandikwa. Ikijirudia, hamia kwa mkufunzi msaidizi wa kozi. Yakiwa matusi, si ukali tu, andika tarehe na maneno yaliyosemwa na uyapeleke kwa mkuu wa idara.

*Nimeugua au nimefiwa siku ya jaribio.* Toa taarifa kabla ya jaribio, au siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe mfupi, na vielelezo vifuate: cheti cha hospitali, au barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Taarifa inayokuja wiki mbili baadaye hupokelewa kwa mashaka, hata ikiwa ya kweli. Kumbuka pia kwamba vyuo vingi hudai mahudhurio ya asilimia 75 ili uruhusiwe kufanya mtihani, kwa hiyo siku za ugonjwa ziwe na karatasi.

*Naishi mbali.* Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko pale si sababu tena kwa anayetoka Sengerema. Anayetoka Ukerewe bado yuko mikononi mwa ziwa, basi asiombe miadi ya asubuhi ya Jumatatu, na mashauriano ya ana kwa ana ayapange siku ambazo tayari ana vipindi.

*Nina ulemavu wa kuona, kusikia au mwingine.* Usingoje mtihani. Wiki ya kwanza nenda kwa mlezi wa wanafunzi na kwa mwenye kozi, ueleze unachohitaji: maandishi makubwa, muda wa ziada, kiti cha mbele, mkalimani wa lugha ya alama. Mipango hii hupitia ofisi kadhaa na huchukua majuma.

*Alama ya jaribio haipo kwenye mfumo.* Peleka karatasi iliyosahihishwa kwa aliyesahihisha, kisha kwa mratibu wa mitihani. Ndiyo sababu hupaswi kutupa karatasi yoyote hadi matokeo ya mwisho yatoke. Rufaa rasmi ina muda wake wa mwisho, na mara nyingi ada. Vyote vimo katika kanuni.

*Nimechelewa, mtihani ni wiki ijayo.* Piga hesabu kwanza. Kama kazi za muhula zina uzito wa 40, mtihani 60, na alama ya kufaulu ni 40, mwenye 14 mkononi anahitaji 26 kati ya 60. Chagua mada mbili au tatu zenye uzito mkubwa kwenye muhtasari, jaribu swali moja la kila mada, na upeleke majaribio hayo kwa mkufunzi msaidizi, si kwa mwenye kozi, ambaye wiki hiyo huenda yuko kwenye maandalizi ya mtihani na hatataka kuzungumzia chochote kinachokaribia maswali yake.

*Nimepata mtihani wa marudio.* Usifunge begi na kwenda nyumbani kwanza. Kabla walimu hawajatawanyika kwa likizo, mwone mwenye kozi akueleze ni mada zipi ulizopoteza alama, uchukue mazoezi ya mada hizo, ukubaliane naye njia ya kumwandikia ukiwa nyumbani, na uhakikishe idarani tarehe ya mtihani na kama unatakiwa kujisajili upya kwa ajili yake.